Jiko Lililohamishwa Siku ya Tisa

Wali ulikuwa unafuka mvuke, lakini Oksim alipoutia mdomoni ulikuwa wa baridi, kama umelala nje. Akautema. Mumewe, Sangcheol, akaonja wa kwake, akasema labda ni gesi, imepungua nguvu kwa hii theluji. Wanaume bwana. Gesi na wali ulioiva, wapi na wapi?

Sisi wa kisiwa hiki Januari tunachuma machungwa, hatujui theluji ya magotini. Mwaka ule ilianguka siku nane mfululizo, matawi ya michungwa yakavunjika, barabara ikafungwa. Tena ikatuangukia katika zile siku nane ambazo miungu wa nyumba wote, hata yule wa jiko, wamepanda mbinguni, siku pekee ambazo mtu anaweza kuhama au kusogeza jiko bila wenyewe kumwona. Oksim alikuwa amezingoja mwaka mzima. Alitaka nyumba kubwa ya mama mkwe wake, Bibi Sundeok, na bibi ahamie kibanda cha ng'ambo ya ua. Theluji ikamzuia mpaka siku ya tisa.

"Wamesharudi, mwanangu," bibi alimsihi. "Tungoje mwakani."

"Siku moja tu, mama. Nani anahesabu?"

Sangcheol alikuwa shambani akikung'uta michungwa yake. Oksim akalibeba jiko la bibi mpaka kibandani kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya ule wali, mchana kweupe, wakaanza kusikia mtu anaosha mchele jikoni, na wote wapo sebuleni. Ikafuata harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na kuni hazijawashwa pale miaka thelathini. Siku ya tatu binti yao Bomi, wa miaka mitano, akalala juu ya sakafu iliyopashwa moto mpaka inaunguza, amefunikwa mablanketi manne, na bado mwili wake ulikuwa wa baridi, midomo imekuwa ya buluu, na kila mama yake alipomsugua mikono, ubaridi ulizidi kupanda kuelekea kifuani.

"Mama," akanong'ona, "yule bibi wa jikoni ananilisha. Anasema tumemtoa mahali pake."

Hospitali haifikiki. Wakamwita mganga, mama mmoja mtu mzima, akaja kwa miguu na kengele yake. Akaitikisa jikoni, kisha akaiziba kwa kiganja.

"Atamwacha mtoto," akasema kwa sauti ya chini, "lakini atamfuata aliyelibeba jiko. Ni nani?"

Oksim alimtazama mwanawe, akautazama mlango wa jikoni. Hofu ikamshinda.

"Ni mama."

Bibi Sundeok akamtazama. Akamtazama na mjukuu, ambaye pumzi zake zilikuwa zinakatika.

"Ni mimi," akasema. "Aje kwangu."

Mganga akatandaza kitambaa cheupe kutoka jikoni, juu ya theluji, hadi kibandani. Bibi akapita juu yake pekupeku, polepole, na sote majirani tuliosimama ukutani tukasikia, nyuma yake, nyayo nyingine zilizolowa zikikikanyaga kile kitambaa hatua kwa hatua, na hatukuona mtu. Mlango wa kibanda ukafungwa. Bomi akaomba maji.

Sangcheol akamfokea mama yake mbele yetu, kutoka nje ya mlango: "Ulitaka kuniulia mtoto!" Iliniuma sana.

Oksim alipompelekea blanketi, bibi alimwambia, na ni bibi mwenyewe aliyenieleza: "Nimembeba kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yako. Anaijua mikono iliyolibeba jiko. Siku nikifa, atarudi kwa mwenyewe."

Theluji iliyeyuka zamani. Bibi ana miaka themanini na minne sasa, na kifua kinambana. Oksim anampikia supu, anamkanda miguu, hamruhusu hata kufagia. Kijiji kizima kinamsifu: mkamwana wa hivi humpati siku hizi. Nami namwona kila alfajiri akivuka ua, anaweka sikio kwenye mlango wa kibanda, na anasimama pale, hatikisiki, mpaka asikie mtu akikohoa.