Damu ya Nyanya

Kila siku baada ya kufagia darasa, wanafunzi watano wa kikundi cha filamu walikwenda stoo ya shule, mahali palipolundikwa madawati mabovu mbele ya kabati kuukuu. Kiongozi wao alikuwa msichana waliyemwita Dairekta, na jina lilimkaa barabara. Walikuwa wakirekodi filamu ya kutisha kwa simu ya mama yake. Ikitoka vizuri, ingeonyeshwa Siku ya Wazazi. Ikiharibika, nafasi ingepewa kwaya.

Lakini Dairekta alikuwa amemchoka Chereko, mmoja wa waigizaji wake. Loo, mtoto yule! Hadithi ilihusu wanafunzi waliofungiwa stoo, na ndani ya kabati kitu kinagonga. Kila kilipogonga, Chereko alijibu, "Nani huyo asiyejua kupiga hodi? Nenda zako, tumeshakula!" Wenzake walishika mbavu.

"Hii ni filamu ya kutisha, si vichekesho!" Dairekta alifoka. "Unanisikia, au nampigia mbuzi gitaa?"

"Nakusikia, bosi," Chereko alijibu, akapiga saluti. Wakacheka tena.

Siku iliyofuata Dairekta alimwita kando. "Mwalimu amesema utolewe kwenye filamu," alimwambia.

Ulikuwa uongo mtupu. Mwalimu wa sanaa hakuwa amesema lolote. Chereko alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Dairekta akarekodi upya. Safari hii aliweka kila alichoamini kinatisha: vinyago, mayowe, na damu iliyotengenezwa kwa nyanya, tele. Mwalimu alipoionyesha darasani kwa majaribio, Dairekta alikaa mbele akingoja watu waogope.

"Jamani, nani kamwaga mchuzi?" sauti ikauliza nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Machozi ya hasira yalimlengalenga Dairekta. Alipotaka watetemeke, walicheka! Kwa nini? Amekosea wapi?

"Irekebisheni kabla ya Ijumaa," mwalimu alisema. "La sivyo, kwaya itaimba."

Jioni alifika nyumbani amenuna. Mama yake, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani. Aliomba aone vipande vyote vilivyokuwa kwenye simu, hata vile vya zamani. Alipomwona Chereko akimfukuza mgeni wa kabatini, alicheka hadi akafuta machozi. Kisha kikaja kipande kimoja ambacho kabati liligongwa kutoka ndani, Chereko akafungua mdomo ajibu, asijibu. Akabaki analitazama kabati. Picha ikakatika.

Mama aliacha kucheka. "Huyu mtoto kapatwa na nini?"

"Hakuna, mama. Alisahau maneno."

"Usinitanie! Mwili umenisisimka."

"Lakini anachekesha!"

"Ndiyo maana. Nimeshampenda, sasa namwogopea. Hao mnaowamwagia nyanya siwajui, nimwogopee nani? Mcheshi akinyamaza ghafla, ujue kuna jambo."

Dairekta aliona aibu. Filamu ilimhitaji Chereko, na yeye alikuwa amemfukuza, tena kwa uongo. Asubuhi alimtafuta Chereko, akampeleka kwa mwalimu, na mbele yao wote wawili akasema ukweli.

"Siku zote hizi nimekuwa nikimkwepa mwalimu," Chereko alisema kwa uchungu. "Nilidhani ananichukia."

"Nimekukosea. Nisamehe."

Chereko alimpa mkono. "Nitarudi. Ila ukinichoka tena, niambie mwenyewe. Usimsingizie mtu."

Walirekodi upya, na Siku ya Wazazi ukumbi ulijaa watu kuitazama filamu. Watu walimcheka Chereko tangu mwanzo, wengine wakapiga makofi. Kisha kabati likagongwa, naye hakujibu. Mlango wa kabati ukafunguka polepole. Hakukuwa na vinyago wala tone la damu, lakini ukumbi mzima ulikuwa kimya, hadi mama mmoja alipopiga yowe: "Wewe mtoto, toka humo!"

Makofi yalipokwisha, mwalimu aliwaita Dairekta na wenzake.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Filamu ya kutisha haipimwi kwa wingi wa damu. Hupimwa kwa hofu inayomwingia mtazamaji, hata kama alianza kwa kucheka. Kicheko na hofu vinaweza kukaa nyumba moja." Akamgeukia Dairekta. "Lakini uongo hauwezi kukaa na kazi ya pamoja. Ulipomdanganya mwenzako, ulimpoteza yeye na filamu yako pia. Uliposema kweli, ulimpata tena, na filamu ukaipata."