Mchumba Wangu Alizinoa Ncha za Herufi Zangu

Nilikuwa nimekaa mstari wa pili ukumbini, pete yake kidoleni, wakati mchumba wangu Hashim aliposhika maiki akasema herufi zangu ni zake.

"Nimezibuni mwenyewe. Miezi minane sikulala."

Muongo mkubwa. Miezi minane alilala fofofo. Aliyekesha ni mimi.

Mimi ni Alawiya, nakata herufi za stika za kubandika kwenye vioo vya maduka hapa Likoni, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Herufi zangu ni nene, pembe tupu, hata O haina mviringo. Unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Hashim aliomba daftari langu la michoro, eti anihifadhie kwenye kompyuta...

Kumbe ananiibia.

Siku hiyo Bi Sabah alikuwa akizindua sura mpya ya maduka yake matatu ya fanicha. Kwenye picha za skrini, herufi zangu kila kioo. Jina langu, hakuna.

Nikatazama vizuri. Ncha zote amezinoa, kali kama wembe.

Nikasimama.

"Hashim, herufi ni zangu. Na hizo ncha zitabanduka."

"Alawiya, wanitia aibu mbele ya watu."

"Umejitia mwenyewe."

Akamgeukia Bi Sabah akicheka. "Msamehe, Bi. Ni wivu tu. Ncha zake zilikuwa na kasoro, nikazirekebisha."

Kasoro!

Wadau, niliona kiza. Kila ncha naipunguza makusudi, kiasi cha punje ya mchele, kama baba alivyonifundisha. Kwa jua na chumvi ya huku, ncha kali ndiyo huanza kuinuka, kisha upepo unamalizia. Nilimwambia mara ngapi, macho yake yako kwenye simu?

Ukumbi mzima ulinicheka. Nilitoka nikilia, na ilikuwa hasira, si huzuni.

Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilitosha ishirini na tatu.

Duka la Likoni, ncha zikaanza kuinuka. Changamwe zikafuata. Kisauni herufi zikawa zinapepea kama nguo kwenye kamba.

Hashim akaja kibandani kwangu, jasho linamtoka.

"Alawiya, ulinificha nini?"

"Sikukuficha. Nilikwambia, ukaita kasoro."

"Basi nisaidie. Nitaweka na jina lako."

"Na lako liende wapi?"



Nikavua pete, nikaiweka juu ya meza, kando ya kisu changu cha kukatia. Hapo hapo Bi Sabah akaingia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama hii."

Akanipa simu yake. Picha ya kioo cha duka la marehemu mamake kule Bamburi. Herufi nene, pembe tupu, kila ncha imepunguzwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la baba yangu, lile lile lililo juu ya mlango wa kibanda changu.

"Herufi hizi zina miaka kumi na tisa," akasema. "Haijabanduka hata moja. Nimepita pale kila wiki na sikuwahi kuzitazama. Siku ile nilikucheka pamoja na wenzangu. Niwie radhi."

Nililia tena, mbele ya Hashim, na sikujali.

"Vioo vyote vitatu ni vyako," akasema Bi Sabah. "Na jina lako pembeni, kama la babako."

Hashim akakohoa. "Na mimi, Bi?"

Nilimjibu mimi.

"Wewe nenda ukabandue zako."

Wadau, mwizi huchukua anachokiona. Sababu yake humbakia mwenye kazi.