Goretti na Benchi la Nne

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Koko Yudita alitandika mkeka mbele ya nyumba yao ya udongo huko Juru na kumwaga maharage ya mbegu. Koko maana yake ni bibi. Ndivyo Wakongo wengi wa Nakivale, kambi hiyo ya wakimbizi nchini Uganda, wanavyowaita bibi zao. Alichagua punje mojamoja. Zilizotobolewa na wadudu aliwatupia kuku, zilizokunjamana alizitenga za kupika, na zile nzima alizirudisha ndani ya kibuyu. Mjukuu wake Goretti, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia uwanja huku akiimba nyimbo za Kiingereza alizojifunza kanisani.

Walikuwa wawili tu. Wazazi wa Goretti waliuawa kwao Fizi, Kongo, wakati wa vita, na Koko ndiye aliyevuka naye mpaka na kumlea kwa jembe lake. Shamba lao lilikuwa dogo, lakini majirani walikuja kwa Koko kuomba mbegu, kwa sababu punje iliyopita machoni pake iliota.

Mchana, baada ya shule, Goretti alikwenda kwenye darasa la Kiingereza la Mwalimu Grégoire, chini ya paa la turubai kando ya kanisa. Watoto na watu wazima walisoma pamoja. Mwalimu hakuwagawa kwa umri bali kwa mabenchi. Benchi la kwanza lilikuwa la wanaojua salamu, majina yao, na vitu vya kuonyesha kwa kidole. La pili lilikuwa la wanaoweza kuuliza na kuomba, na kuelewa wakisemeshwa polepole. Waliokaa la tatu waliweza kusimulia mambo ya jana, na kumfuata mtu anayesema haraka bila kupotea. Benchi la nne, la nyuma kabisa, lilikuwa na watu wachache. Hao waliweza kubeba maneno ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine bila kupunguza wala kuongeza.

Goretti alikuwa na ulimi mwepesi. Aliyatamka maneno ya Kiingereza vizuri kuliko wote, akajihamishia benchi la tatu bila kuitwa. Mwalimu Grégoire alimrudisha taratibu.

"Mdomo wako umefika benchi la tatu," alimwambia, "lakini masikio yako bado yako la pili. Yasubiri."

Wenzake walicheka, wakaanza kumwita Redio, kwa kuwa redio inasema tu, haisikii. Goretti aliona aibu sana. Siku hiyo aliporudi nyumbani, Koko alimuuliza masomo yanaendaje. Akajibu kwamba amefika benchi la nne. Koko aliinua mikono akamshukuru Mungu, na jioni majirani kadhaa walikuwa wamesikia habari hiyo.

Mwaka huo wa 2013, kabla ya mvua za kupanda, jicho la kushoto la Koko lilianza kuuma. Lilikuwa jekundu, na maumivu yalipanda hadi kichwani. Katika zahanati ya Juru waliambiwa waende kwenye kliniki ya macho mjini Mbarara. Koko alitaka wasindikizwe na Vanessa, jirani yao anayeuza samaki wakavu katika soko la Rwekubo. Vanessa alikuwa wa benchi la nne kweli, na watu wengi walimwomba awasemee hospitalini.

Goretti alijua kwamba Vanessa akienda, uongo wake utajulikana.

"Yaya Vanessa ana kazi yake, Koko," alisema, akimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama ilivyo desturi yao. "Mimi pia niko benchi la nne. Nitakusemea."

Koko alimwamini. Asubuhi walitembea hadi Rwekubo, wakapata gari la Mbarara.

Kliniki ilikuwa upande wa mji uitwao Ruti. Muuguzi alijua Kiswahili kidogo. "Mama mzee, kuja hapa. Weka kidevu hapa, usiogope," alisema, kisha akaitwa chumba kingine. Daktari alijua Kiingereza na Kinyankole, lugha ya wenyeji, basi. Alipouliza nani atamsemea mgonjwa, Goretti aliinua mkono.

Daktari alianza polepole. Alionyesha chupa ndogo ya dawa ya matone, na Goretti akashika maneno machache: tone moja, asubuhi, jioni. Daktari akamuuliza kama ameelewa. Goretti akajibu kwamba ameelewa, kwa matamshi yake mazuri. Daktari alitabasamu, akamsifu, na kwa kuwa sasa alidhani anasema na mtu anayekijua Kiingereza, akaanza kusema haraka. Alichora jicho kwenye karatasi, akaubonyeza mchoro kwa kidole gumba, akaonyesha kalenda ukutani. Maneno yalimpita Goretti kama magari barabarani. Kila daktari aliponyamaza, yeye aliitikia kwa kichwa.

Koko alikuwa akiwatazama wote wawili kwa jicho lake lisilouma.

"Goretti," alisema walipotoka nje, "ule daktari amesema maneno mingi. Wewe umeniletea kidogo."

"Ndivyo Kiingereza kilivyo, Koko. Maneno mingi, maana kidogo."

Koko alicheka, akamshika mkono.

Baada ya siku chache maumivu yaliisha. Koko akauliza kama aendelee na matone. Goretti alikumbuka kidole cha daktari kwenye kalenda, lakini hakujua kilikuwa kinasema nini. Angeweza kumpelekea Vanessa ile chupa amsomee. Badala yake alijibu kwamba daktari alisema waache maumivu yakiisha. Koko alifunga chupa vizuri, akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, kwa sababu watu waliowahi kukosa dawa hawatupi dawa iliyobaki.

Mvua zilinyesha, maharage yakapandwa, yakavunwa. Siku moja Goretti aliona kuku hawapewi kitu. Koko alikuwa ameinama juu ya mkeka, akipeleka kila punje karibu na uso wake, na punje zenye matundu zilikuwa zinaingia ndani ya kibuyu pamoja na nzima.

"Kuna ukungu," Koko alisema. "Upande huu kuna ukungu tu."

Vanessa alikuja jioni hiyo kuomba mbegu. Alimfunika Koko jicho la kuume kwa kiganja, akapitisha mkono mbele ya la kushoto. Koko hakupepesa. Vanessa akaomba kuona dawa, na Goretti akaitoa kwenye kopo. Chupa ilikuwa karibu kujaa.

"Daktari alisema mrudi lini?" Vanessa aliuliza.

Goretti alitazama chini. Koko akageuza uso wake kumtafuta, akauliza taratibu, "Alisema turudi?"

"Sijui," Goretti alisema, akaanza kulia. "Sijui alisema nini, Koko. Mimi niko benchi la pili."

Hakuna aliyempiga. Vanessa alimkabidhi Koko chupa, akasema kesho hataenda sokoni, atakwenda nao Mbarara.

Huko kliniki, daktari alimpima Koko, akasoma kadi yake, akashusha pumzi. Safari hii Goretti alikaa kando na kumtazama Vanessa akifanya kazi. Hata yeye, mtu wa benchi la nne, alimsimamisha daktari katikati, akamwomba arudie polepole. Hapo ndipo alipomgeukia Koko na kumwambia yote. Ugonjwa huu ni presha ya jicho. Dawa ilitakiwa kuendelea kila siku, hata maumivu yakiisha, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kula jicho kimyakimya. Walitakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Jicho la kushoto halitaona tena.

Goretti alitamani Vanessa apunguze kidogo. Hakupunguza.

Koko aligusa kope la jicho lile, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala.

"Na la kuume?" aliuliza.

Daktari alisema nalo limeanza kuugua, ila linaweza kuokolewa kwa upasuaji mdogo na dawa mbili za matone bila kuacha. Akaeleza namna ya kuzitumia. Vanessa alipotaka kutafsiri, Koko alimzuia kwa mkono.

"Kwetu Fizi, mtoto alipotumwa ng'ambo ya mlima, hakuondoka mbio. Alirudia maneno mbele ya aliyemtuma. Akikosa, anasahihishwa, anarudia. Goretti, huyu mtoto wangu ndiye ataniwekea dawa. Basi asimame mbele ya daktari, arudie."

Goretti alisimama. Alimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba hajaelewa yote, aseme polepole, naye atarudia. Kiingereza chake siku ile kilikuwa kidogo na chenye makosa. Daktari alivuta kiti, akakaa. Goretti alirudia, akakosea muda wa kungoja kati ya tone la dawa hii na la dawa ile, akasahihishwa, akarudia tena mpaka daktari akaridhika.

Jicho la kuume lilipasuliwa, likapona.

Goretti aliporudi darasani, alipita mabenchi ya nyuma bila kuyatazama, akakaa la pili. Mtoto mmoja alinong'ona kwamba Redio imezimwa, lakini hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa wamemwona Koko akija kanisani ameshika bega la mtu.

Mwalimu Grégoire alikuja kukaa kando yake.

"Lugha ya watu ina hatua zake, binti yangu, na hakuna hatua ya aibu," alisema. "Ukisema uko wapi, tunajua namna ya kukusaidia. Ukijificha kwenye hatua usiyofika, siku ya kuanguka huanguki peke yako. Neno la kwanza la benchi la nne ni 'sijaelewa'. Hilo wewe umelijua kwa bei kubwa."

Sasa asubuhi Goretti hufagia mapema, kisha humwekea Koko matone na kukaa naye kwenye mkeka, upande wa kushoto, ule usioona. Siku moja Koko alimpa punje.

"Hii ni nzima?"

Goretti alikuwa karibu kuitikia. Punje ilikuwa nyekundu, laini, haina tundu upande ule uliokuwa juu.

"Sijui, Koko. Ngoja niigeuze."

Koko aligeuza kichwa chake chote, kama alivyozoea sasa, ili amwone kwa jicho lililobaki.

"Ni vile, mutoto wangu," alisema. "Geuza kwanza. Mimi nangoja."