Swali la Saba

"Meru Moja, ameshtuka! Land Cruiser nyeupe, anaelekea Kisongo."

"Mzuieni kabla hajafika uwanja wa ndege," Sumari alijibu redioni. "Namtaka akiwa hai."

Risasi moja, ya tairi.

"Tunaye, Mkuu."

Sumari hakutabasamu. Kazi ilikuwa nusu.

Yule mgeni waliyemnasa garini alikuwa amenunua majibu ya mtihani wa usaili wa chuo kikuu kile kikubwa cha miteremko ya Meru. Alitaka fundi wake mmoja tu aajiriwe maabara, kisha amtolee vimelea vya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Vikisambazwa mashambani, Wameru wangebaki na miti ya kahawa isiyozaa. Balaa tupu!

Lakini fundi huyo alikuwa nani?

Hapo ndipo Sumari alipotega. Kabla majibu hayajauzwa, alibadilisha moja. Swali la saba: vimelea hutunzwa nyuzi ngapi? Jibu ni themanini chini ya sifuri. Yeye aliandika nane. Fundi yeyote aliyesoma angecheka.

Calvin, msaidizi wake, alipekua karatasi mia mbili na kumi na moja za watahiniwa.

"Mkuu, nane hii hapa. Ni mmoja tu."

Sumari aliutambua mwandiko kabla ya jina. Aliufundisha mwenyewe, kwa mkaa, ukutani jikoni kwa mama yao.

Aikaeli Sumari. Mdogo wake. Chuoni aliongoza darasa zima, na sasa ni mwaka wa sita anauza mitumba Kaloleni.

Alimkuta kwenye benchi nje ya ukumbi wa mtihani, bahasha ya vyeti mapajani.

"Shikamoo, kaka! Idara ya Maji wamekutuma huku?" Nyumbani ndiyo kazi waliyoijua.

"Marahaba. Aika, vimelea vya chulebuni hutunzwa nyuzi ngapi?"

"Themanini chini ya sifuri." Papo hapo, bila hata kufikiri.

"Umeandika nane."

Aikaeli alimtazama. Akaiona bastola ya Glock kiunoni kwa kaka yake, akaziona pingu mkononi kwa Calvin.

"Jamaa alisema ni koneksheni tu, kaka. Kwamba nikishapata kazi, kuna kitu kidogo nitamsaidia."

"Jibu ulilijua. Kwa nini hukuliandika?"

"Miaka sita nimeandika ninachokijua."

Sumari alikuwa ameshapigwa kisu Namanga na hakulia. Hili lilimpasua moyo. Angeweza kuichana ile karatasi. Calvin alikuwa amegeuka, makusudi kabisa, akitazama migomba.

Hakuichana. Alizichukua pingu, akamfunga mdogo wake mwenyewe, taratibu, asimuumize.

"Mkuu," Calvin alisema kwa sauti ya chini, "kwenye ripoti niandike jina la kwanza tu?"

"Andika yote mawili."

Akavaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, mawingu yakiwa yamefunika mlima mzima, akatembea polepole kuelekea kwenye gari.