Mkawasi Atafuta Kitu cha Kwanza

Mkawasi ana miaka sita. Anaishi Wundanyi, juu milimani, ambako ukungu huingia hadi jikoni.

Baba yake ana mashine ya kusaga mahindi. Tuku-tuku-tuku! Ikinguruma, hata mabati hutetemeka.

Jumamosi moja Mkawasi aliketi juu ya gunia, akaitazama.

"Baba, mawe ya mashine yanazungushwa na nini?"

"Na mkanda."

"Ehe! Na kabla yake?"

"Mkanda unazungushwa na injini."

"Ehe! Na kabla yake?"

"Injini nimeiwasha mimi, kwa mkono huu."

"Na mkono umepata wapi nguvu?"

"Kwenye uji. Na uji ni mahindi. Na mahindi yameoteshwa na mvua na jua."

Mkawasi alichungulia nje. Jua lilikuwa liking'aa.

"Na jua, nani aliliwasha?"

Baba alikuna kichwa. "Wanasema zamani sana kulikuwa na wingu kubwa la vumbi na gesi. Likajikusanya, likajikusanya, mwisho likawaka."

"Ehe! Na kabla yake?"

"Kabla yake, ulimwengu wote ulikuwa mdogo, tena wa moto sana."

"Ehe! Na kabla yake?"

Baba aliwaza, akawaza. Alisahau hata kushika gunia la kukingia unga. Ukamwagika. Puuu!

Mama Wakesho, jirani yao, alikuwa amekuja kusagisha. Alicheka.

"Mwanangu, Mungu ndiye aliyeanzisha vyote."

"Ehe! Na kabla yake?"

"Kabla yake hakuna. Yeye hana mwanzo."

Wakio, dada yake Mkawasi, anasoma sekondari. Alikuwa akifagia unga uliomwagika.

"Labda ulimwengu wenyewe ndio hauna mwanzo," alisema Wakio. "Au labda ulianza tu, bila kusukumwa na kitu."

"Kuanza tu?" Mama Wakesho alishangaa. "Hata mkokoteni hauanzi tu kwenda bila kusukumwa!"

"Lakini mkokoteni uko ndani ya ulimwengu, mama. Ulimwengu wote huenda ni jambo jingine."

"Mh! Watoto wa siku hizi!" alisema Mama Wakesho. Lakini naye alianza kufikiri.

Mkawasi alimgeukia Baba. "Nani amesema kweli?"

"Sijui, mwanangu."

Baba hajui? Baba, ambaye anajua kila kitu? Moyo wa Mkawasi ulidunda. Du! Du! Du!

Mara mashine ikakohoa. Tuku... tuku... tu. Kimya!

"Dizeli imekwisha," alisema Baba. "Nitaongeza, kisha niiwashe tena."

Mkawasi alitoka mbio nje. Alilitazama jua.

Kama hakuna anayejua nani aliliwasha, likizimika, nani ataliwasha tena?

Siku hiyo Mkawasi hakucheza. Aliketi mlangoni, mikono mashavuni.

"Mkawasi, njoo ule!" aliita Wakio.

"Siwezi. Nalinda jua."

Jua likashuka. Likashuka zaidi. Likapotea nyuma ya mlima.

Mkawasi aliangua kilio. "Limezimika! Na hatujui nani aliliwasha!"

Baba alikuja, akamfunika kwa koti lake lenye vumbi la unga. Hakumcheka.

"Halijazimika. Limekwenda kuwaangazia watoto wa upande wa pili."

"Na likiishiwa dizeli?"

"Lina moto wa miaka mingi mno. Utazeeka, na wajukuu wako watazeeka, na jua bado lipo."

Mkawasi alivuta kamasi. Fyuu!

"Mkawasi, unajua kijito chetu kinaanzia wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Kinatoka mbali, ndani ya miamba. Lakini leo umekunywa maji yake?"

"Nimekunywa. Ila ugali sijala. Nilikuwa kazini."

Baba alicheka, akampigapiga mgongoni mpaka koti likatimua unga.

Mkawasi aliwaza kidogo. "Kwa hiyo tusipojua, jua halizimiki?"

"Halizimiki hata kidogo."

"Na naweza kuendelea kuuliza?"

"Uliza! Niulize mimi, muulize Mama Wakesho, muulize dada yako. Huenda siku moja wewe ndiye utakayetuambia."

Mkawasi alikula ugali na maharagwe. Aliongezewa. Akaongezewa tena.

Kisha alipanda kitandani, akajikunja ndani ya blanketi.

Baba alizima taa. Lakini hakuondoka. Alisimama pale gizani, akikuna kichwa.

"Mkawasi," alinong'ona. "Kama wakati nao ulianza siku moja... je, hiyo 'kabla' ilikuwapo kweli?"

Mkawasi alikoroma tu. Alikuwa amelala fofofo.

Baba aliketi taratibu ukingoni mwa kitanda, akaendelea kuwaza, huku akitabasamu.