Nusu Kidonge cha Iestyn

Kila jioni Iestyn ndiye aliyemwogesha mtoto. Mkewe Gwen alibaki jikoni akikatakata vitunguu vya supu ya kondoo, masikio yake yote yakiwa bafuni. Zamani, walipokuwa kwao Wales, kicheko cha Nia majini kilimburudisha. Tangu wahamie Bristol, upande wa England, kicheko hicho kikikatika kidogo tu, alisimamisha kisu na kuita.

"Iestyn?"

"Tupo, bibi mkaguzi. Binti yako amekataa kutoka majini."

Iestyn alikuwa na kifafa tangu utotoni. Dawa ilikituliza, miaka ikapita bila kuanguka. Lakini siku hizi Gwen alimwona mkono ukimshtuka ghafla, chai ikimwagika mezani. Kila alipomuuliza, mume alisingizia uchovu.

Jumamosi asubuhi, akipangusa meza, Gwen alikuta nusu ya kidonge kando ya kisu.

"Nusu nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Nimeimeza."

"Na hii?"

"Ya jioni," Iestyn alisema, macho chini.

Gwen alivuta kiti, akaketi.

Ukweli ulitoka kidogokidogo. Kwao Wales mgonjwa halipii dawa. Kwa hiyo walipohamia huku, Iestyn hakujiandikisha kliniki yoyote. Mama yake aliendelea kumchukulia dawa kule, akamletea kila alipokuja kumwona mjukuu. Mama na mwana waliona wameupata ujanja. Kisha kliniki ya zamani ikajua kwamba amehama, ikamfuta kwenye orodha yake, dawa zikakoma.

"Nilienda duka la dawa hapa mjini," Iestyn alisema. "Nikakuta watu wanalipia kila dawa. Nikarudi nyumbani."

"Ukarudi bila kuuliza?"

"Kodi ya nyumba inatukaba, Gwen. Tangu nizaliwe sijawahi kulipia dawa. Nikaona nizibane kidogo tu."

"Unabana dawa, halafu jioni unamwogesha mtoto wangu?"

Iestyn aliutazama mlango wa bafu. Hilo hakuwa amelifikiria, na sasa alipolifikiria uso ulimpauka.

Gwen alimpakata Nia, akamburuta mume hadi kwa jirani yao Parveen, mfamasia. Parveen alifungua mlango akiwa na taulo kichwani. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, nani alikwambia wewe utalipa?"

"Si tuko England? Huku naona hata hewa mnalipia."

"Hewa bado," alisema Parveen. "Sikiliza. Ni kweli, hapa watu wengi hulipia dawa. Lakini mwenye kifafa anayetumia dawa kila siku ana haki ya kadi ya msamaha. Ukiwa nayo hulipii dawa yoyote unayoandikiwa na daktari."

"Wataniletea?"

"Haiji yenyewe. Jiandikishe kliniki ya hapa, omba fomu, wao wathibitishe. Na usidai msamaha kabla hujapata kadi, watakupiga faini. Ukilazimika kulipa unapoisubiri, omba palepale dukani risiti ya kudaia pesa zako baadaye. Ukirudi kesho kuiomba, hupati."

"Na sisi wengine?" Gwen aliuliza.

"Mkiwa na dawa nyingi, lipieni kwa mkupuo, wa miezi mitatu au wa mwaka. Ni nafuu kuliko kulipia moja moja."

"Fomu ni fomu," Gwen alisema. "Leo je? Amebakiwa na nusu."

Parveen aliacha utani. "Leo twende dukani kwangu, tumtafutie dawa za dharura. Tutampigia daktari wa zamu atuambie namna ya kurudi kwenye kipimo chake. Kupunguza dawa ya kifafa kiholela kunaweza kuua, kaka. Na mpaka daktari aseme, usimwogeshe mtoto peke yako."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma Iestyn. Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni pa kliniki. Jioni zilizofuata Gwen ndiye aliyemwogesha Nia, na Iestyn aliketi kwenye kigoda ameshika taulo, kama mgeni nyumbani kwake. Gwen alimwonea huruma, lakini hakumpisha.

Daktari alimrudisha kwenye kipimo kamili, mkono ukatulia. Kadi ilifika. Iestyn alimpigia mama yake simu na kumwambia asimbebee dawa tena, alete keki tu. Siku daktari aliporidhika, alimruhusu kumwogesha mtoto.

Jioni moja Gwen alivaa koti akaenda mazoezi ya kwaya, jambo ambalo hakuwa amethubutu kulifanya tangu wahamie. Aliwaacha baba na mtoto bafuni. Katikati ya wimbo alipapasa mfukoni, akagundua kwamba simu ameisahau nyumbani. Akaendelea kuimba.