Maneno ya Shangazi Ukurasa wa Saba

"Hili umelitoa wapi, mama?"

Jirani aliuliza hivyo alasiri moja, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa saba wa tasnifu ya muuguzi.

"Kichwani mwangu," muuguzi akajibu bila wasiwasi.

Baada ya zamu za wodini, muuguzi alikuwa akisomea stashahada. Tasnifu yake ilihusu watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Ilitakiwa chuoni Ijumaa. Ikikataliwa, angerudia mwaka mzima. Ndiyo maana alimpa jirani aipitie. Jirani alikuwa mkutubi, mtu wa utani, lakini kwenye karatasi hakuwa na mchezo.

Kwenye kiti cha pembeni, shangazi wa muuguzi, mkunga mstaafu, alikuwa akikunja nguo.

Jirani akasoma kwa sauti: "Nimegundua kuwa kifua cha mama humpa njiti joto tulivu kuliko blanketi."

"Umegundua lini?" shangazi akauliza, shuka bado mkononi. "Hayo si nilikwambia mimi, hapo jikoni? Nawe ukiandika kwenye daftari!"

Muuguzi alitamani ardhi ipasuke aingie.

"Shangazi, nilidhani... wewe si kitabu."

"Ala! Miaka thelathini napokea watoto wa watu, kumbe si kitabu."

Safari hii jirani hakutania. "Na haya ya ukurasa wa tisa?"

"Hayo ya vitabuni. Vyote nimeviorodhesha mwishoni."

"Orodha ya mwisho peke yake haitoshi. Msomaji atajuaje lipi lako, lipi la mwenzio? Kila ulipochukua wazo la mtu, papo hapo fungua mabano. Andika jina la mwandishi na mwaka wa kitabu. Ukinukuu neno kwa neno, tia alama za kunukuu, uongeze na ukurasa."

"Hata nikisema kwa maneno yangu?"

"Hata hivyo. Wazo bado ni lake."

"Na asiyeandika kitabu?"

"Muombe ruhusa kwanza. Kisha weka jina lake, useme ni mahojiano, na tarehe mliyoongea."

Muuguzi akamgeukia shangazi, macho chini. "Nimekukosea. Mungu anisamehe, nawe unisamehe. Naomba niandike jina lako."

"Andika. Ya msamaha tutaongea baadaye."

Siku tatu alisahihisha. Alikuta sehemu kumi na saba alipojivika ujuzi wa wengine. Kila bano alilofungua lilimchoma.

Wiki mbili baada ya Ijumaa ile, tasnifu ilirudi. Imepita. Muuguzi alimpa shangazi kwa mikono miwili, bado hathubutu kumtazama usoni.

"Nisomee ukurasa wa saba," shangazi akasema.

Akasoma. Alipofika kwenye mabano, sauti ikapungua: jina kamili la shangazi, mahojiano, tarehe.

"Rudia. Sikusikia vizuri."

Akarudia, kwa sauti.

Shangazi akaifunga tasnifu, akaibana kwapani, akatoka kuelekea kwa jirani kumwonyesha jina lake.